Hakuna Chombo Kitupu

Watu wengi hudhani ya kuwa mwamuzi mwema ni yule ajaye mbele ya jambo na moyo mtupu. Sifa hiyo ni njema kuitamani, lakini nashuku kama yupo mwanadamu aliyepata kuwa nayo. Nionavyo mimi, haki haitaki moyo mtupu. Yataka moyo unaojua kilichomo ndani yake.

Tuanze sokoni. Mwuza samaki wa Likoni anapoweka kikapu juu ya mizani, mnunuzi hutaka uzito wa kikapu utolewe, wala hakuna aonaye ajabu, kwani kikapu si samaki. Wataalamu wa gesi wana kazi iyo hiyo, ila kikapu chao hakionekani kwa macho. Wao hutumia chombo kiitwacho spektromita ya masi. Pampu huinyonya hewa ya ndani mpaka libaki ombwe. Kisha gesi inayochunguzwa huingizwa kidogo, chembe zake hutiwa umeme na kupambanuliwa kwa uzito. Maji huonekana penye 18, nitrojeni penye 28, na hewa ya ukaa penye 44.

Lakini ombwe lile halikosi kitu. Kuta za chuma hutoa mvuke wa maji zilioushika tangu zamani, na uzi wa madini unaowaka ndani hutoa gesi zake. Basi kabla ya kuingiza gesi mpya, mtaalamu huandika yote yaliyomo, na baadaye huyatoa katika hesabu. Asipofanya hivyo atasema kuwa gesi aliyoletewa ina maji, kumbe maji ni ya chombo chake mwenyewe.

Moyo wa mtu nao una kuta. Maneno tuliyoyasikia utotoni, hofu za wazee wetu na maumivu ya jana hushika humo, yakatoka polepole tunapomtazama mwenzetu. Kisauni, Changamwe na Likoni, wenyeji wa pwani na waliotoka bara ni majirani mlango kwa mlango. Hata hivyo mara nyingi mtu hajafungua kinywa, na jina lake limekwisha mhukumu. Mwezi wa Agosti 1997, huko Likoni, watu waliuawa na maelfu wakayahama makazi yao, kwa kuwa waliotoka bara walisakwa kwa asili yao. Uchochezi ulikuwapo, lakini uchochezi hauwashi kuni mbichi. Waliosakwa hawakupimwa kwa matendo yao. Walihesabiwa yaliyokuwamo vifuani mwa wengine.

Hata hivyo, kutoa nako kuna kipimo chake. Gesi ngeni ikiingia huweza kuyabandua maji ukutani, na oksijeni huweza kuzaa gesi nyingine penye uzi wa moto; kwa hiyo yaliyomo kabla ya kazi siyo sawasawa na yaliyomo wakati wa kazi. Mtaalamu akitoa kupita kiasi, hesabu yake huonyesha gesi iliyo pungufu ya sifuri, jambo lisilowezekana. Ndivyo alivyo baba anayejua kwamba ampenda mwanawe, akamwadhibu zaidi ya kosa lake ili asiambiwe ana upendeleo. Amekimbia dhuluma moja, akaangukia nyingine.

Mwaka wa 1913, J. J. Thomson wa Cambridge, Uingereza, alieleza alama aliyoiona penye 22 alipochunguza gesi ya neoni, ambayo alama yake kubwa ilikuwa penye 20. Ingekuwa rahisi kusema kuwa ni uchafu, maana chembe ya hewa ya ukaa iliyotiwa umeme maradufu huonekana penye 22, nusu ya 44. Yeye aliipitisha gesi katika baridi kali iliyoiondoa hewa ya ukaa. Alama ya 44 ilitoweka. Ya 22 ikabaki ile ile. Haikuwa uchafu: ilikuwa neoni ya aina ya pili, na kazi ya msaidizi wake, Francis Aston, ikalithibitisha jambo hilo baadaye.

Huenda mtu akauliza: nitaupimaje moyo wangu, nami sina cha kupimia ila moyo huo huo? Swali ni la haki. Mtaalamu naye hana chombo kingine; lakini huingiza gesi anayoijua, aone chombo kitasema nini. Nawe fanya vivyo hivyo. Unapotaka kumhukumu mtu, jiulize: tendo hili lingefanywa na ndugu yangu, ningesema neno hili hili? Jibu likitofautiana, tofauti hiyo ni yako, siyo yake. Itoe yote, wala usizidishe. Kitakachobaki kikubali, hata kikiwa kichungu.