Mungu Alibariki Samaki Mbele ya Kubariki Mtu

Masomo: Mwanzo 1, 20-28, Kumbukumbu la Torati 22, 6-7



Fungueni Mwanzo 1. Wengi wetu tunakimbilia mstari wa 28, pale mtu anabarikiwa azae na kuongezeka. Rudini nyuma, mstari wa 22. Ni siku ya tano, mtu hajaumbwa bado, na Mungu amekwisha kubariki samaki wajaze maji. Siku ya sita wanyama wa nchi wanatokea. Someni vizuri, hamtaona neno hilo juu ya mbuzi wala ng'ombe. Samaki na ndege walilipata, kisha mtu.

Tunafanya nini na baraka hiyo? Ndakala wanaofika Kabambare kwa njia ya Fizi wanatoka ziwa Tanganyika. Ndakala haishi sana, karibu mwaka mmoja na zaidi kidogo. Kwa hiyo alipewa kuzaa upesi: jike mmoja anatoa mayai maelfu. Watoto wake wanakaa karibu na ng'ambo mpaka wapate nguvu ya kwenda kilindini. Na ni pale pale watu wanakokota kokoro. Wengine wanashona vyandarua vya mbu, vile vya kulinda watoto wetu na malaria, wanavigeuza nyavu. Samaki mzima akivuliwa, pengine amekwisha kuacha uzao. Mtoto akivuliwa, umemla pamoja na wajukuu wake. Na mukeke, ambaye chakula chake ni ndakala, atakula nini?

Musa alikataza kuchukua mama ndege pamoja na makinda. Hakusema tusile. Alisema tusichukue yote.

Tusimtwike mvuvi peke yake mzigo huu. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na yale ya chini yenye rutuba hayapandi tena vizuri kulisha samaki. Joto hilo halikutoka kwa mtumbwi wa mtu wa Baraka. Lakini ziwa likiwa limedhoofika, ndiyo sababu zaidi ya kulihurumia.

Tarehe 12/6/2003 Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia walitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa hilo. Baadaye walikubaliana juu ya miezi 3 ya kupumzisha uvuvi. Tanzania walifunga upande wao tangu 15/5/2024 hadi 15/8/2024. Sisi watu wa maombi tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa: ziwa linafunga.

Msiseme ziwa liko mbali. Maji yake yanatoka kwa Lukuga, yanaingia Lualaba, yanapita hapa kwetu Kasongo. Na chandarua kinachokokotwa Tanganyika, nimekiona Lualaba, mkononi mwa mtu wa kanisa letu.

Nilimwambia akiache. Akanijibu, "Baba Mchungaji, wavu wa tundu kubwa ni bei kali. Watoto wangu wale maombi?" Nilikosa neno. Nilirudi nyumbani, na mke wangu alikuwa amepika samaki wadogo sana, wa kijiko. Nilikula. Naungama mbele yenu: sikuuliza walivuliwa na nini.

Kwetu mtu akiingia mfungo wa kilimani, wengine wanalisha nyumba yake. Hatumwachi ashike mfungo na njaa ya watoto pamoja. Basi ndugu yule naye asiachwe. Jumapili ijayo, baada ya ibada, wazee watapokea matoleo ya wavu mmoja wa tundu kubwa. Asiye na pesa alete mchele au muhogo kwa nyumba yake mpaka wavu upatikane. Kwangu kutatoka debe la kwanza la mchele. Na mama mnaonunua samaki pale kivukoni, wa kijiko mwacheni kwa muuzaji, hata akipunguza bei.