Mkono wa Fundi, Muhuri wa Shule

Gerezani, Dar es Salaam, mteja hamwulizi fundi cheti. Anainama, anapitisha kidole pale chuma kilipoungwa, anatikisa bawaba za geti, kisha maneno yanahamia kwenye bei. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, ili kijana amalize kidato cha nne akiwa na cheti cha ufundi pia. Cha nini, kama mkono unajieleza wenyewe?

Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence alitoa hoja inayoudhi: elimu inaweza kumpandishia mtu mshahara hata kama haikumwongezea ujuzi, maadamu mwajiri hana njia nyingine ya kumjua. Mwajiri wa namna hiyo yupo: bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443. Anayetafuta mafundi wa kuchomelea bomba kama hilo hawezi kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani hodari.

Hapo dini ina la kusema. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Ng'ombe, inahusu deni: liandikwe, na mashahidi wawepo. Maandishi hayo hayaleti deni. Yanalilinda lisipotee baina ya watu. Cheti nacho ni shahidi, na shahidi anaweza kusema uongo.

Suala la heshima ya ufundi ni gumu zaidi. Yesu alikuwa seremala, Paulo alishona mahema, Nabii Daudi alifua deraya. Waumini wanawatukuza, halafu mtoto akipelekwa amali, nyumbani wanauliza amefeli wapi. Ni rahisi kuwaita wanafiki. Lakini Philip Foster, aliyechunguza shule za Ghana na kuandika mwaka 1965, aliona kwamba vijana waliokimbilia masomo ya ofisini walikuwa wamepiga hesabu vizuri tu: karani alilipwa kuliko fundi. Mtaala peke yake haubadilishi mshahara.

Wala muhuri haumalizi kazi. Kwenye miradi ya mabomba, fundi mwenye cheti hupewa kwanza vipande viwili aviunge, na kiungo chake hupigwa picha ya eksirei kutafuta nyufa na mapovu ya hewa ndani. Shule yenye mashine moja ya kuchomelea kwa darasa zima itapimwa hapo, mbali na ofisi iliyogonga muhuri, na atakayerudishwa nyumbani ni kijana.