Kidonge cha Jua na Swali la Halali

Katika uwanda wa Dakawa, ambako maji ya mto Wami hugawanywa kwa mifereji katika mashamba ya mpunga ya hekta zipatazo 2,000, na ambako mawingu ya Uluguru huonekana upande wa kusini pasi na kumpa mkulima kivuli hata kidogo, ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu aweza kuambiwa na daktari kuwa mwili wake umepungukiwa na vitamini D, ambayo jua ndilo lililokabidhiwa kazi ya kuitengeneza. La kustaajabisha zaidi ni kwamba, akishafika duka la dawa na kuwekewa mbele yake vidonge, matone na sindano, swali la kwanza limjialo moyoni huenda lisiwe la kumwuliza tabibu bali la kumwuliza shehe: je, hiki ni halali? Swali hili ni la haki wala si la kuchekwa. Kosa lake, kwa rai yangu, ni kuwa aghalabu huulizwa kwa kuanzia mwisho.

Maana fikihi ina kanuni yake mashuhuri kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kanuni nyingine, ambayo watu huisahau upesi, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake na hukoma pale ipatikanapo njia nyingine. Basi kabla ya kuuliza asili ya dawa hatuna budi kuuliza kama haja ipo. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya damu vya Wamasai wafugaji na Wahadzabe wa Tanzania waishio kwa desturi za wazee wao, na wastani wa vitamini D mwilini mwao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali madaktari wengi huanza kuhesabu upungufu chini ya 50. Watu hao hawakumeza kidonge chochote. Walitembea juani tu. Na mfugaji apitaye Dakawa na ng'ombe wake, au mama ashindaye shambani akipandikiza mpunga, jua lao ni lile lile, kwa kuwa huku karibu na istiwai miale ifanyayo kazi hiyo katika ngozi haikatiki mwaka mzima. Mtu kama huyo anunuapo makopo ya vitamini kwa sababu jirani yake amenunua, hana dharura ya kuitaja mbele ya shehe wala mbele ya mtu mwingine yeyote.

Lakini wapo wenye haja ya kweli. Yupo mtoto mchanga afunikwaye nguo na kulazwa ndani miezi mingi kwa kuhofia baridi na kijicho, naye maziwa ya mama, pamoja na baraka zake zote, yana kiasi kidogo mno cha vitamini hii; huyo ndiye ambaye matege humwandama. Yupo mzee asiyeinuka kitandani. Yupo mwenye kifafa aliyetumia fenobabitoni miaka mingi, dawa ambayo huifanya vitamini hii iharibike mwilini upesi. Yupo pia mgonjwa wa figo, ambaye kwake kidonge cha kawaida hakitoshi, kwa kuwa figo ndiyo huikamilisha vitamini hii na kuipa nguvu ya kazi. Yeye hupewa kalsitrioli, iliyokwisha kamilishwa. Ama wale wasemao kuwa buibui ndilo linaloleta maradhi, nadhani wamesahau kwamba nyumba za wazee wetu zilikuwa na ua, na uani mwanamke hujifunua jua likampata bila ya jicho la mtu baki.

Sasa tuziangalie dawa zenyewe. Vitamini D huuzwa kwa sura mbili kubwa. D2 hutengenezwa kwa kuimulika hamira au uyoga kwa miale ya urujuanimno. D3, ambayo ndiyo sawa na ile ya ngozi ya binadamu, hutolewa zaidi katika mafuta ya sufu ya kondoo, nayo yakamulikwa vivyo hivyo. Elimu hii si ngeni: Adolf Windaus, Mjerumani, alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1928 kwa utafiti wa mafuta ya jamii hii na mafungamano yake na vitamini. Kwa upande wa tiba, D3 ndiyo yenye nguvu. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004, watu walipewa dozi moja ya yuniti 50,000. Siku za kwanza aina zote mbili zilipanda sawa, lakini ilipofika siku ya 14 waliopewa D2 walikuwa wamerudi pale walipoanzia, hali wenzao wa D3 walikuwa wangali wakipanda.

Kwa upande wa sharia, hamira na uyoga havina mzozo. Sufu iliyokatwa kwa kondoo aliye hai ni tohara kwa ittifaki. Iliyotoka kwa mzoga ndiyo ambayo Mashafii huihesabu najisi. Mafuta ya ini la samaki ni mepesi kuliko yote kihukumu, kwa kuwa kiumbe cha baharini hakihitaji kuchinjwa, na watu wa pwani waliyajua mafuta ya ini la papa, yaitwayo sifa, tangu zamani, ingawa hiyo sifa waliipaka majahazi kuliko kuinywa, na kwa harufu yake siwalaumu. Ila mafuta ya samaki yana vitamini A pia, na atakaye kufikia kiasi cha tiba cha D kwa kijiko atajikuta amekunywa A ya kumdhuru.

Kumbe basi tatizo kubwa halimo katika vitamini, limo katika ganda. Kile kidonge laini kinachong'aa, chenye mafuta ndani, huvikwa jelatini, na jelatini hutoka katika ngozi na mifupa ya ng'ombe, ya samaki, au ya nguruwe. Hapa maulamaa wamegawanyika. Baraza la Fikihi la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilikataa jelatini ya nguruwe katika vyakula, likihoji kwamba ipo itokanayo na mimea na wanyama waliochinjwa; kongamano la fikihi na tiba lililofanyika Kuwait mwaka 1995 likaona kwamba kitu kikishageuka dhati yake, hukumu yake nayo hugeuka. Hoja hii ya istihala wanaikunjua zaidi Mahanafi na Mamaliki; sisi tuliosomeshwa kwa madhehebu ya Shafii tumeibana mno, tukaikubali kwa pombe iliyogeuka siki yenyewe na kwa ngozi iliyodibaghiwa, tena si ngozi ya nguruwe wala ya mbwa. Wala haitoshi kukitoboa kidonge na kukamua mafuta ukalitupa ganda, kwani kilicho majimaji kikigusana na najisi hunajisika chote. Tena swali hili si la Waislamu peke yao: Msabato wa Morogoro analo, na Mhindu huwa na lake juu ya ng'ombe.

Mimi siipingi rai ya Kuwait, lakini sioni haja ya kuikimbilia, kwa sababu matone yapo, nayo huwa ni D3 iliyoyeyushwa katika mafuta, bila ganda lolote. Kidonge kikavu nacho ni chepesi, ijapokuwa mwenye kuchunguza asome karatasi iliyomo bokosini, kwani hata unga wa vitamini wakati mwingine hufungwa kwa jelatini. Mtoto mchanga apewe matone, yuniti 400 kila siku. Lakini ikiwa miguu ya mtoto imekwisha kupinda na duka zima halina ila kidonge cha ganda lisilojulikana asili yake, hapo ndipo dharura inapoitwa kwa jina lake, na mzazi amkamulie mwanawe bila kusitasita.

Imebaki sindano, ambayo wengine huipenda kwa ajili ya Ramadhani, wakisema, na ni kweli kwa rai ya maulamaa wengi, kwamba sindano ya msuli haifunguzi saumu. Hubeba yuniti 300,000 kwa mara moja, na ina nafasi yake kwa mgonjwa ambaye tumbo lake halisharabu mafuta. Kwa mwingine yeyote naionea shaka, maana huko Australia wanawake wazee waliomezeshwa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka walionekana, katika matokeo ya mwaka 2010, kuanguka na kuvunjika zaidi kuliko wale ambao hawakupewa, na sharia iliyokataza kujidhuru haikumtenga mwenye kujidhuru kwa nia njema. Tena mfungaji hana analolikimbia: vitamini hii huyeyuka katika mafuta na huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na chakula chenye mafuta, basi kidonge chake na akimeze wakati wa kufuturu, pamoja na wali wa nazi wa mpunga wa Dakawa.