Kaa wa Kumi na Moja

Mvute kaa kwa nguvu huku wenzake wamemng'ang'ania, utabaki na kaa mkononi, mguu wake ubaki kwao. Wengi hudhani umevunjika, kumbe mara nyingi ameuachia mwenyewe. Karibu na shina la kila mguu Mwenyezi Mungu alimwekea pa kukatikia, na hapo jeraha huziba upesi asije akaishiwa damu. Akijivua gamba, mguu mwingine hujitokeza, mfupi na mwembamba kama wa kuazima. Kila akijivua tena unanenepa, hata ukalingana na mingine. Ametukuka aliyemwazia hayo mnyama anayetembea upandeupande!

Kaa mwenye mguu pungufu ndiye aliyenirudisha kwenye The Joy Luck Club, riwaya ya Amy Tan iliyotoka 1989. Suyuan Woo, mama aliyefika Marekani baada ya vita kumpokonya karibu kila kitu huko China, anakwenda na binti yake June kununua kaa kwa karamu ya Mwaka Mpya wa Kichina, katika mtaa wa Wachina mjini San Francisco. Anawachokoa mmoja mmoja na kuchukua wachangamfu tu. Mmoja anakatika mguu. Kwa Wachina hiyo ni nuksi ya kufungulia mwaka, mama anataka kumrudisha, lakini muuza samaki anakuja juu kwa makelele na inabidi amnunue. Haidhuru, huyu wa kumi na moja atakuwa wa ziada.

Jioni, mgeni anazidi. Sinia linapita, kila mtu anajichagulia aliyenona, na June, akifikiwa mwishoni, ananyoosha mkono kwa yule kilema. Mama anapiga kelele: hapana, chukua mkubwa! Yeye mwenyewe anamchukua yule kilema, anamnusa, kisha anaondoka naye kimyakimya hadi jikoni. Baadaye tunaelewa kwamba kaa yule alikufa kabla ya kupikwa, na mpishi anayejua kazi yake hali kaa wa namna hiyo. Usiku uleule mama anamvika binti yake kidani cha jiwe la jade. Kiingereza cha mama ni cha kuungaunga, Kichina cha binti ni haba. Kaa amewasemea wote wawili.

Katika riwaya hiyohiyo, Waverly anamleta mchumba wake Mzungu kula kwa wazazi. Mama mtu, Lindo, anaandaa nyama ya nguruwe ya mvuke na mboga za chumvi, chakula anachojivunia kuliko vyote, kisha anakiponda: hakina ladha. Mwenye adabu za Kichina angekula na kusifu mpaka apaliwe. Mchumba anamwamini, anachukua sosi ya soya na kukimiminia. Mezani wanabaki wameduwaa.

Nami huishangaa hiyo sosi. Soya na ngano huachiwa kuvu, kisha huzamishwa katika maji ya chumvi kwa miezi mingi. Uozo ule ule unaotuharibia ugali uliolala, Muumba ameutia kazi nyingine kabisa, ukatoka na harufu ambayo Mchina aliye ng'ambo huitambua kabla ya kufungua mlango. Na ni chupa hiyo hiyo ya nyumbani iliyomwumbua mgeni!

Maxine Hong Kingston, katika The Woman Warrior ya 1976, anamwonyesha mama mwingine huko Stockton, California, anayepika rakuni, mwewe na njiwa wa mjini. Kobe wanatambaa stoo, kambare anaogelea katika beseni la kuogea. Watoto wanaona haya. Mimi namwona mtu anayekubali kila alichokiumba Mungu katika nchi asikozaliwa.

Turudi kwa June. Mama amekwisha fariki, baba hali chakula vizuri. Binti anakuja jikoni kwao, anakata tofu vipande, anafungua chupa ya pilipili na pua inamwasha. Tangawizi, vitunguu vya majani. Mapishi ni ya mama, na mkono bado haujazoea.