Hukumu ya Kujifunza Kutunga Michezo

Amma baadu. Mzazi mmoja wa Temeke ameuliza: mwanawe ajifunza kwa intaneti kutunga michezo ya simu, je, ni halali?

Enyi ndugu, Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria, aliona sataranji ni makuruhu, si haramu, maadamu haina kamari wala haimpitishii mtu sala. Msingi wake ni fikira. Nardi ni haramu, msingi wake ni bahati ya dadu.

Basi kijana na apime atungacho. Mchezo wa kufunza hesabu haufiki haramu. Lakini akitia sanduku la bahati, mchezaji alipie fedha asijue atapata nini, ameingia katika maysiri, iliyoharamishwa katika Al-Maida, aya ya 90.

Mzazi asimfukuze mwanawe. Amwulize kila jioni: umetunga nini, na umesali? Wallahu aalam.