Vyombo vya Mtu Si Rehani: Tusuluhishane kwa Haki

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu zangu Waislamu, leo nazungumzia ugomvi ambao mimbari zetu huutaja kwa nadra: ugomvi wa mtu anayehama na mwenye gari aliyembebea vyombo.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyehamishwa kutoka Songea kwenda Kingerikiti, kata iliyokuwa wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Amekodi Fuso kwa maneno ya mdomo, amelipa nusu. Njiani mvua inanyesha, milima inateleza, dereva anadai nyongeza. Wanapofika, godoro limelowa na kioo cha kabati kimevunjika. Mwalimu anazuia salio. Dereva anakaza kamba: "Vyombo havishuki mpaka nilipwe!" Usiku unaingia, watoto hawana hata blanketi.

Nani mwenye haki? Kila mmoja anayo, na kila mmoja amevuka mpaka.

Mtume (SAW) ametuamuru tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kwa hiyo kuzuia salio lote kwa sababu ya kioo kimoja ni dhulma. Lakini dereva naye ana la kujibu. Wanazuoni wa Kihanafi wamelitaja jambo hili waziwazi: fundi ambaye kazi yake inaonekana kwenye kitu, kama mtia rangi nguo, anaweza kukishikilia mpaka alipwe, mchukuzi na mwenye chombo cha majini hawana ruhusa hiyo. Vyombo vya mtu si rehani.

Je, kilichoharibika? Imamu Abu Hanifa aliona mali iliyo mkononi mwa mchukuzi ni amana, hailipwi ikiharibika pasipo kitendo chake. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walisema atalipa isipokuwa kwa balaa lisiloepukika. Kwa sisi Mashafii, kauli yenye nguvu ni kwamba halipi mpaka ithibitike amezembea.

Hapo ndipo inapoingia sulhu. Suratul Hujurat, aya ya 10, inatuamrisha tupatanishe baina ya ndugu zetu. Nimeketi katika vikao kadhaa vya namna hii, na nimeona kosa letu kubwa ni kukimbilia neno "yaishe". Mzee anamwambia mnyonge asamehe, watu wanapeana mikono, lakini kinyongo kinabaki. Hiyo si sulhu. Mtume (SAW) ameijuzu sulhu baina ya Waislamu, isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Msuluhishi aanze kwa kuamuru vyombo vishuke. Kisha amsikilize kila mmoja, akague mali kwa macho yake, na atenganishe madai. Kama godoro limelowa kwa kuwa turubai lilikuwa na matundu, huo ni uzembe wa dereva. Thamani iliyopungua ikatwe kwenye salio. Kama kioo kimevunjika kwa kuwa mwalimu alilifunga kabati vibaya mwenyewe, dereva asibebeshwe. Nyongeza ya njiani isidaiwe kama haikuwemo katika makubaliano, ila mwalimu akitoa kwa ridhaa, hiyo ni hisani.

Na msuluhishi si lazima awe sheikh. Sehemu kama Mbinga na Nyasa, ambako majirani zetu wengi ni Wakristo, huenda dereva au mzee wa kitongoji asiwe Muislamu. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki isitufanye tuache uadilifu. Lipo pia Baraza la Kata. Sheria iliyoanzisha mabaraza hayo mwaka 1985 imeyapa kazi ya kwanza ya kulinda amani kwa kusuluhisha.

Ndugu zangu, kinga ni bora kuliko tiba. Suratul Baqara, aya ya 282, inatufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Andikeni basi karatasi moja: nauli, mwisho wa safari, orodha ya vyombo, nani anafunga, nani anapakia, na msuluhishi atakuwa nani. Mkikosana milimani, karatasi hiyo itasema kabla hasira haijasema.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wapatanishi waadilifu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.