Nyota na Hiari ya Mtu

Vijana wa Baraka wametuuliza zaidi ya mara moja swali ambalo yafaa tulijibu kwa urefu, maana wanaoliuliza si wapumbavu wala wapagani. Ni Wakristu waliobatizwa, waimbaji wa kwaya, wanafunzi wa sekondari. Wasema: "Kuna ubaya gani mtu akitazama nyota yake ya kuzaliwa, apate kujua tabia yake, na kazi gani itamfaa, na mchumba gani watapatana naye? Hatuabudu kitu. Hatuchinji kuku. Twataka kujijua tu."

Swali ni jema. Kutaka kujijua si dhambi. Watakatifu wengi walilitafuta jambo hilo maisha yao yote. Kwa hiyo tusiwafokee, wala tusiwajibu kwa neno moja, "Imekatazwa," kana kwamba Mungu hakutupa akili ya kufikiri. Ni kweli imekatazwa: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2116 yautaja unajimu pamoja na kuwaita wafu na kusoma viganja. Lakini Kanisa halikatazi jambo pasipo sababu, na sababu hiyo yafaa tuione kwa macho yetu.

Kwetu Fizi ziko njia mbili za kutafuta nyota. Ya kwanza ni ya zamani, ndiyo falaki. Ilikuja pamoja na mambo mengine ya misafara ya Waarabu na Waswahili, waliovuka ziwa kutoka Ujiji katika karne ya 19 wakitafuta pembe na watumwa. Lugha hii tunayoiandika ilivuka nao, basi tusijifanye kwamba mambo ya watu wale hayatuhusu. Tena tusiwasingizie ndugu zetu Waislamu: wako wanavyuoni wao wakubwa, kama Ibn Khaldun aliyefariki mwaka 1406, waliopinga unajimu kwa maneno makali kuliko yetu. Kutazama jua na mwezi ili kujua saa za sala ni jambo lingine kabisa.

Mpiga falaki kwa kawaida haulizi siku uliyozaliwa. Auliza jina lako na jina la mama yako. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake: alifu ni 1, ba ni 2, na kuendelea hadi ghaini ambayo ni 1000. Ajumlisha hesabu za majina yote mawili, kisha atoa kumi na mbili, atoa tena kumi na mbili, na kile kinachobaki ndicho nyota yako. Ikibaki 1 ni Hamali, ikibaki 2 ni Thauri, na hivyo hivyo mpaka Hutu, ya kumi na mbili. Na kila nyota ina asili yake: moto, udongo, upepo au maji.

Tufanye hesabu moja pamoja. Kijana aitwa Yusufu, na mama yake Mariamu. Yusufu kwa Kiarabu ni ya, wau, sini, fa: 10 na 6 na 60 na 80, jumla 156. Mariamu ni mimu, ra, ya, mimu: 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Yote pamoja ni 446. Toa kumi na mbili mara 37, yabaki 2. Basi ni Thauri, yaani Ng'ombe, mtu wa udongo: mvumilivu, mkaidi kidogo, apendaye mali yake. Vema. Lakini kijana huyo huyo katika kitabu cha ubatizo ameandikwa Yozefu, maana ndivyo wengi wetu tunavyolitamka jina la msimamizi wake. Weka ze mahali pa sini: 10 na 6 na 7 na 80, jumla 103. Ongeza 290 za mama, zawa 393. Toa kumi na mbili mara 32, yabaki 9. Sasa amekuwa Kausi, yaani Mshale, mtu wa moto: mwepesi wa hasira, asiyekaa mahali pamoja. Na kijana mwenyewe hakubadilika hata unywele mmoja. Ni kalamu tu iliyoandika herufi nyingine. Sisi makatekista tunaoandika majina hayo hatukujua kwamba tumepewa uwezo mkubwa namna hiyo.

Njia ya pili ni mpya, nayo imo katika simu za mkononi. Kijana aandika mwaka, siku, saa na dakika ya kuzaliwa kwake, na mahali pake. Simu yamchorea ramani ya mbingu ilivyokuwa dakika ile: jua lilipo, mwezi ulipo, sayari zote, na nyota gani ilikuwa ikichomoza mashariki. Kisha yamwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba yeye ni mtu wa namna fulani. Yapendeza machoni, hatukatai. Ila twauliza: dakika ile ameipata wapi? Wanaotengeneza ramani hizi wenyewe wasema kwamba nyota inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Sasa tazameni vitambulisho vya wazee wetu. Vyasema, "Alizaliwa karibu ya mwaka 1950." Na vijana? Wengi walizaliwa vita vilipotutawanya, mwaka 1996 na mwaka 1998 na baadaye. Wengine porini, wengine ndani ya mtumbwi, wengine ng'ambo katika kambi ya Nyarugusu. Karani asipoambiwa tarehe, mara nyingi huandika 1 Januari. Basi watu wote hao wamekuwa Jadi, yaani Mbuzi, kwa amri ya karani.

Mtu atasema, "Mimi nina cheti cha hospitali, chenye saa na dakika." Mtakatifu Agostino, aliyefariki mwaka 430, alikutana na jibu la namna hiyo. Katika ujana wake aliwapenda sana wanajimu, akavisoma vitabu vyao. Kisha rafiki yake Firmino akamsimulia jambo. Baba yake Firmino na rafiki wa baba huyo walikuwa mabingwa wa kupima nyota. Siku Firmino alipozaliwa, mjakazi wa rafiki yule naye alijifungua, na wale mabwana wakatumiana wajumbe, wakaona kwamba watoto wamezaliwa dakika moja. Ramani ikawa moja. Firmino akakua katika mali na heshima. Mtoto wa mjakazi akabaki mtumwa. Agostino akaona kwamba kilichowatenga si mbingu bali nyumba walimozaliwa, na sheria za watu zilizomfanya mmoja bwana na mwenziwe mtumwa.

"Lakini," asema mwingine, "nimesoma maneno ya nyota yangu, nikajiona mwenyewe mle." Twamwamini. Katika miaka ya 1960, Mfaransa mmoja aitwaye Michel Gauquelin alitangaza gazetini kwamba atawapa watu ramani zao bure. Wengi wakamwandikia. Akawapelekea wote karatasi moja ile ile, iliyotengenezwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya daktari Marcel Petiot, muuaji wa watu wengi aliyekatwa kichwa mjini Paris mwaka 1946. Zaidi ya watu tisa katika kumi wakajibu kwamba maneno yale yalikuwa yao hasa. Si ajabu. Mtu akiambiwa, "Una moyo mwema, lakini wenzako hawakuelewi, wakati mwingine wajificha nyuma ya kicheko," ni nani katika soko la Baraka atakayesema, "Hapana, mimi siye"?

Hapo wazee watatupinga, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema, "Ninyi watu wa seminari, mwasema mbingu hazina nguvu? Mbona wavuvi hawaendi kuvua ndagala kwa taa mwezi unapong'aa? Mbona babu zetu walitazama Kilimia kabla ya kulima?" Wazee, hayo ni kweli tupu. Ndagala hufuata mwanga wa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, mwanga umeenea ziwani pote, na taa ya mvuvi haiwi kitu. Mungu ameumba mianga ya mbingu ipambanue majira, na mwenye kuyafuata majira ana busara. Mtakatifu Toma wa Akwino hakukataa kwamba mianga hiyo yaweza kuugusa mwili wa mtu, hata kuamsha tamaa zake. Lakini alifundisha kwamba haiwezi kuyashurutisha mapenzi yake, kwa maana hiari ni ya roho. Mwezi wamzuia mvuvi kuvua. Haumwambii kama usiku ule wa mapumziko atakaa na watoto wake au atakwenda kunywa fedha ya ada ya shule.

Na kwa kuwa tumetaja wavuvi, tusimsahau Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 590 hadi 604. Akihubiri Roma siku ya Epifania, aliwataja wanajimu waliosema kwamba azaliwaye katika nyota ya Ndoo atakuwa mvuvi. Akawajibu kwamba iko nchi moja ya Afrika, Getulia, isiyokuwa na wavuvi kamwe. Je, huko hakuna azaliwaye katika nyota hiyo? Tungalipenda Papa huyo afike kwetu. Angaliona Baraka, penye mitumbwi tangu alfajiri, kisha angalipanda mlima mpaka Fizi, ambako watu walima mihogo na kufuga mbuzi, akauliza kama nyota ya Ndoo, ambayo wapiga falaki waiita Dalu, huchoka njiani na kushindwa kupanda. Katika siku hiyo hiyo alieleza pia habari za Mamajusi, maana wako wanaozitumia kutetea unajimu. Nyota haikumtawala Mtoto wa Betlehemu. Ndiyo iliyomwendea, kama mtumishi.

Mpaka hapa tumecheka kidogo. Sasa lipo jambo lisilo la kuchekesha, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Watu wetu wameteseka sana, na mwenye kuteseka hutafuta sababu. Nyota humpa sababu nyepesi: "Ndivyo nilivyoandikiwa." Twaelewa kwa nini neno hilo latuliza. Lakini tukumbuke Makobola. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998, katika siku zile za Mwaka Mpya, watu mamia waliuawa huko na katika vijiji vya jirani, hapa hapa katika eneo la Fizi. Walikuwamo wanawake na watoto. Cicero, Mrumi asiyekuwa Mkristu, aliuliza juu ya askari walioangamia pamoja katika vita vya Cannae, mwaka 216 kabla ya Kristu, kama wote walikuwa na nyota moja. Nasi twauliza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Wale wa Makobola walizaliwa katika miezi yote kumi na miwili: moto, udongo, upepo, maji. Hawakuuawa na nyota. Waliuawa na watu wenye bunduki, ambao wangaliweza kutofyatua. Anayesema, "Ilikuwa nyota yao," bila kujua amewafungulia wauaji mlango watoke; maana kama mbingu ndizo zilizoandika, hakuna wa kuulizwa, wala hapa duniani wala mbele ya Mungu.

Na lile lililo kweli Makobola ni kweli nyumbani pia. Mume ampiga mkewe, na wazee wa jumuiya wakimwita asema, "Mimi ni mtu wa moto, ndivyo nilivyo." Maneno hayo yawezaje kwenda kwenye Kitubio? Padri hawezi kuiondolea dhambi nyota. Au mtu biashara yake yaanguka, aambiwa kwamba nyota yake imeibiwa. Na mwizi hutafutwa karibu, naye huwa bibi kizee asiye na mtetezi, au mtoto yatima. Katika nchi yetu ya Kongo watoto wengi wamefukuzwa majumbani kwa mashitaka ya namna hiyo. Au wachumba wawili wapendana, mahari imekwisha kuanza kutolewa, na baba wa msichana ahesabu majina: huyu moto, huyu maji, haiwezekani. Kijana ahukumiwa kabla hajatenda lolote. Afadhali wangalimkataa kwa ulevi, maana ulevi mtu aweza kuuacha.

Basi kijana anayetaka kujijua afanyeje? Jioni, kabla ya kulala, aikumbuke siku yake mbele ya Mungu: nilimwambia nani neno gani, nilichukua nini kisicho changu, nilimwogopa nani nikanyamaza. Afanye hivyo mwezi mzima, ataona yale yanayorudi rudi. Kisha awaulize wanaoishi naye, dada yake hasa, maana dada hafichi. Na baba mwenye binti wa kuolewa asihesabu herufi. Kama mchumba ni mtu wa Mboko, apande gari aende Mboko, alale siku tatu, awaulize majirani, awaulize wanaomdai kijana na wale anaowadai yeye, amtazame anavyosema na mama yake chakula kinapochelewa.